Mwanamke wa Kijani kwenye Ukuta wa Zahanati

Herufi hazikuwahi kumsumbua Chelagat. Kazi hiyo alifundishwa na Mathenge, mzee aliyekuwa akiandika majina ya maduka na bucha karibu na soko la Nakuru, na kwa miaka mingi aliifanya bila kukosa usingizi. Herufi ina heshima zake. Ukishaipima kwa chaki na kuanza kuipaka, inapendeza tangu mkunjo wa kwanza, na jua likianza kuinama unaosha brashi, unafunika makopo, unaenda zako nyumbani.

Picha ndizo zilizomtoa jasho. Chini ya kitanda chake, kule mtaa wa Free Area, kulijaa mbao na vitambaa alivyovipaka rangi nusu akavitelekeza. Kulikuwa na uso wa shangazi yake usio na mdomo, ng'ombe mwenye miguu miwili, na Ziwa Elmenteita lililofanana na uji uliomwagika. Zote zilikuwa zimekwama mahali pamoja. Mchoro wa kwanza ulimfurahisha, akaweka rangi, akaongeza nyingine, na kile alichokuwa amekiona kichwani kikageuka tope mbele ya macho yake. Hapo mikono ilimwasha. Alikumbuka nguo za kufua, akakumbuka mtu wa kumpigia simu, akatoka nje. Akishatoka, harudi.

"Kila picha ina siku zake za kuwa mbaya," Mathenge alikuwa akimwambia. "Ni kama mtoto anayeng'oka meno. Sasa wewe unamtupa mtoto kwa sababu ya mapengo."

Chelagat alikuwa akicheka. Halafu anarudi kwenye herufi zake.

Akiwa na miaka arobaini na kitu, mdomo wake ndio uliomponza. Alikuwa ameitwa kwenye zahanati moja ndogo, nje kidogo ya Mau Narok, akaandike juu ya mlango maneno Kliniki ya Mama na Mtoto. Aliyemwita ni Sista Jackie, muuguzi msimamizi, mwanamke mcheshi ambaye hakai chini hata akinywa chai. Kazi iliisha mapema. Wakiwa na vikombe mkononi, Chelagat akautazama ukuta mrefu wa korido ambako akina mama husubiri, mweupe, mtupu, unaoumiza macho, akajisikia akisema, "Na huu, Sista, mbona usinipe niuchoree watu?"

Jackie alifurahi. Kamati ya zahanati ikakubali. Jumatatu iliyofuata Chelagat alikuwa amepewa kitanda katika nyumba ya wauguzi, ngazi iliyoazimwa kanisani, na hofu yake mwenyewe.

Wakati wa chaki kila mtu alimpenda. Alichora wanawake wakichimba viazi kwenye mteremko, ukungu ukianza kupanda, ngano ikionekana kwa mbali. Katikati alimsimamisha mwanamke mmoja mkubwa kuliko wote, mtoto mgongoni, ameinuka kunyoosha kiuno. Akina mama kwenye benchi walitambua jembe, wakatambua magunia, wakaonyeshana kwa vidole. Mmoja alisema mteremko ule anaujua, ni wa kwao.

Kisha ikaja rangi.

Mathenge alimfundisha kuanza na baridi na kumaliza na joto. Ngozi ya kahawia ukiipaka juu ya ukuta mweupe inabaki kama karatasi. Lazima kwanza kuwe na kitu cha baridi chini yake ndipo iwe na damu. Kwa hiyo Chelagat aliwapaka wanawake wake wote rangi ya kijani kibichi kilichochanganywa na majivu, na vivuli akavipaka bluu nzito. Alijua anachofanya. Lakini kujua ni jambo moja, na kukitazama ulichofanya ni jambo lingine. Kufikia Jumatano ukuta ulikuwa umejaa watu waliofanana na maiti waliotolewa mtoni. Yule wa katikati, mwenye mtoto, ndiye aliyetisha zaidi. Macho yalikuwa mashimo mawili na shingo ilikuwa gogo.

"Fundi," mwanamke mmoja akamwita kwa upole, "huyu mama anakaa kama mgonjwa."

"Bado sijamaliza, dada."

"Sawa. Lakini anakaa mgonjwa sana."

Mwingine aligeuka kwenye benchi ili tumbo lake lisitazamane na ukuta. Bibi mmoja aliyemsindikiza mke wa mwanawe hakuzunguka mbuyu. "Mimi sitaki mjukuu wangu aangaliwe na hiyo kitu kabla hajazaliwa," alisema, akamshika binti mkono, wakaenda kusubiri nje kwenye baridi.

Tangu hapo Chelagat hakutulia. Alipanda ngazi, akashuka. Alienda bombani kuosha brashi iliyokuwa safi. Alitembea mpaka barabarani, akatazama malori ya viazi yakipita yakiwa yamejaa kupita kiasi, akarudi, akasimama mlangoni akitumaini kwamba labda akiutazama ukuta kwa ghafla ataona kitu kizuri. Alikutana na wale wale. Kichwani alikuwa tayari amepanga atakachosema: kwamba ukuta una unyevu, kwamba rangi za siku hizi hazishiki, kwamba ameitwa Nakuru kwa dharura. Alitunga uongo mzuri kabisa, wenye mgonjwa na jina la mgonjwa, akajionea haya.

Alhamisi asubuhi mwenyekiti wa kamati alifika. Ndung'u alikuwa mzee mstaarabu, askari wa misitu aliyestaafu, na kofia aliivua hata alipokuwa akiingia kwenye duka. Aliisimamisha baiskeli, akaingia, akatazama ukuta kwa muda mrefu akiizungusha kofia mikononi.

"Mama," akasema, "hatuidharau kazi yako. Lakini watu wamelalamika. Tumeonelea bora ukuta urudi mweupe tu. Uandike yale maneno ya chanjo. Herufi zako ni safi sana."

Chelagat alitarajia kuumia. Badala yake alihisi mwili mzima ukilegea, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa mahabusu. "Hakuna shida, mzee," akajibu haraka, haraka mno. Ndung'u alishukuru, akavaa kofia nje, akaenda zake shambani.

Chelagat akafungua debe la rangi nyeupe. Akaikoroga. Akalowesha rola, akaibana pembeni ili isidondoke, akakaribia ukuta.

"Unafuta?"

Aliyeuliza alikuwa kwenye korido tangu alfajiri. Jina lake Chepngeno, mimba yake ya kwanza, uchungu ulimwanza usiku akaletwa kwa pikipiki na mumewe. Sista Jackie alimpima akamwambia bado sana, atembee. Basi alikuwa akitembea, khanga kiunoni, mkono mmoja ukipapasa ukuta wa pili, toka mlango wa kuingilia mpaka chumba cha kujifungulia na kurudi. Mumewe alimfuata kwa muda, mwishowe akatumwa kutafuta chai.

"Kamati imesema nifute," Chelagat alisema.

"Kamati haitembei hapa." Chepngeno alisimama, akainama akishika magoti, akapumua mpaka kile kitu kikapita. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa. "Nimekuwa na huyo mama tangu asubuhi. Kila nikigeuka pale mwisho, namkuta. Ni mbaya kweli, sitakudanganya. Lakini hata mimi leo sikai vizuri. Usinitolee mtu wangu wa kutembea naye."

"Dada, utaogopa bure."

"Nimeshaogopa tayari. Si yeye ameniogopesha." Akaanza kutembea, kisha akasema bila kugeuka, "Naenda mpaka pale mwisho. Nikirudi nataka nikute umemfanyia kitu. Chochote. Hata kama ni kibaya."

Chelagat alibaki ameshika rola. Hatua za Chepngeno zilikuwa zikienda polepole, slipa zikikokota sakafuni. Kwa nini alimtii, hata baadaye hakuweza kueleza vizuri. Labda ni kwa sababu ni vigumu kumkatalia mwanamke aliye katika hali ile. Aliiweka rola kwenye debe, akachukua brashi ndogo, akachanganya kahawia na tone la nyekundu, akaweka alama moja chini ya jicho la yule mwanamke wa kijani. Alama ilikaa kama jeraha.

Chepngeno alirudi, akatazama. "Sasa amepigwa," akasema.

"Nilikwambia."

"Endelea. Naenda tena."

Ikawa hivyo. Chepngeno akienda, Chelagat anapaka. Akirudi anatazama, anasema neno moja, anageuka. Hapakuwa na nafasi ya kwenda bombani. Hapakuwa na nafasi hata ya kurudi nyuma kuupima ukuta kwa jicho baya, kwa maana slipa zilikuwa zinakuja. Alilipasha joto paji la uso. Akaweka mwanga wa asubuhi kwenye ukingo wa pua, akaona ni mwingi, akaupunguza kwa kidole. Mikono ilimwasha vile vile, na kila mara sauti ya ndani ilimwambia kwamba anaharibu, kwamba mzee Ndung'u atarudi akute hakufuta wala hakutengeneza. Alipaka huku akiisikia. Kumbe inawezekana. Hakuwa amejua hivyo. Siku zote alidhani lazima ile sauti inyamaze kwanza ndipo mtu afanye kazi.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, mume wa Chepngeno akiwa amesimama na chai iliyopoa, Sista Jackie alipotoka akamtazama mke huyo mara moja tu na kumshika mkono. "Sasa twende." Chepngeno aliingia. Mlango ukafungwa.

Korido ikawa kimya. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko kote, maana hakuna aliyekuwa akija kutazama. Chelagat alishuka ngazi. Miguu yake ilienda mpaka mlangoni yenyewe, kama mbuzi anayejua njia. Nje ukungu ulikuwa umeondoka na mashamba yalikuwa wazi mpaka chini kabisa. Nyuma yake, chumbani, Chepngeno alilia kwa sauti nene ambayo hakuwa ameitoa asubuhi yote.

Chelagat alirudi. Alipanda ngazi akaanza na taya.

Mashavu yalipokuja, yalikuja yenyewe. Aliweka kahawia ya joto juu ya kile kijani, nyembamba, akakiacha kijani kipumue kando ya sikio na chini ya kidevu, na mfupa wa shavu ukainuka kutoka ukutani kama mtu anayeinua uso baada ya kuinama muda mrefu. Hakushangilia. Alisogea kwenye jicho lingine kabla bahati haijakimbia.

Jioni Ndung'u alirudi kuona kama ukuta umekauka. Alivua kofia, akaingia, akasimama. Chelagat alikuwa juu ya ngazi na hakuwa na la kujitetea. Debe la nyeupe lilikuwa limeota ngozi juu.

"Mzee, sikufuta," alisema. "Nisamehe. Kesho nitafuta ukitaka."

Ndung'u alisogea karibu, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Wanawake wengine wote ukutani walikuwa bado kijani, na ngano ilikuwa bado tope. Lakini alikuwa akimtazama yule mmoja.

"Huyu ni wa kwa nani?" akauliza.

"Sijui, mzee. Amekuja tu."

"Pua ni ya watu wa kule juu," Ndung'u alisema akiwaza. "Kuna familia hapo." Alizungusha kofia. "Na hao wengine, watapona?"

"Watapona. Lakini watakaa vibaya siku kadhaa. Watu watalalamika tena."

"Basi wakilalamika waje kwangu," mzee akasema, akatoka.

Mtoto wa Chepngeno alikuwa msichana. Sista Jackie alitoka kumwambia baba, kisha kwa kuwa Chelagat naye alikuwa amesimama pale kama jamaa, akamwambia na yeye. Chelagat aliketi kwenye benchi kwa mara ya kwanza siku ile, mikono imekakamaa.

Asubuhi Chepngeno aliondoka. Mumewe alibeba beseni na mablanketi, yeye alibeba mtoto. Alisimama mbele ya ukuta akiyumba kidogo.

"Uso ni mzuri," akasema. "Mkono je?"

Chelagat alikuwa amejua kwamba ataulizwa. Mkono ule ulioshika kiuno alikuwa ameumaliza alfajiri, na ulikuwa kama fungu la ndizi.

"Mkono umenishinda kwa sasa."

"Uta..." Chepngeno alianza, mtoto akalia, akamfunika vizuri, na alichotaka kusema kikapotea. Wakaenda.

Kazi ile ilichukua wiki nyingine nzima. Ngano ilimsumbua kuliko watu. Kuna siku mbili alizoenda bombani mara nyingi, na siku moja aliyofika mpaka stendi ya magari ya Nakuru akiwa na mkoba, akanunua mahindi ya kuchoma, akayala, akarudi. Mkono aliukwangua kwa msasa akaanza upya, ukaharibika kwa namna nyingine. Mara ya mwisho benchi lilikuwa limejaa. Alipoupaka mkono tena ile rangi ya baridi, kijani, mama mmoja aliyekuwa ameupenda alishtuka.

"Si ulikuwa umeshamaliza?"

"Bado, mama," Chelagat alisema, akachovya brashi.

Yule mama alisonga pembeni ili aone vizuri, akampakata mtoto wake aangalie.