Koti la Bega Pana

Mtaa mzima ulimwita Mama Daktari kabla binti yake hajakanyaga chuo chochote, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu. Alikuwa fundi cherehani. Katika chumba cha mbele cha nyumba yake alishona sare za wanafunzi na makoti meupe ya hospitali, na matokeo ya mtihani yalipotoka, alama za binti zikawa za kusomea udaktari bila kubembeleza mtu, alichukua kitambaa bora kuliko vyote dukani akamshonea koti refu la kufika magotini. Refu ni la daktari. Tabibu, yule anayepima na kutibu kwenye vituo vidogo, huvaa fupi linaloishia kiunoni. Lile refu fundi alilitundika nyuma ya mlango ndani ya nailoni, na kila mteja lazima alione, hata aliyekuja kubadilisha zipu tu.

Halafu jioni moja binti akasema, mgongo kaugeuza anaosha vyombo, kwamba amechagua utabibu.

"Utabibu," mama akarudia. "Na alama zile."

"Ndiyo, mama."

"Nani kakutia maneno hayo?"

"Hakuna mtu."

Hapo ndipo machale yalipomcheza. Mtoto akikupa sababu, utabishana na sababu. Akikwambia hakuna mtu, basi mtu yupo. Fundi aliishi na imani hiyo tangu ujana wake, na tusimwonee, mara nyingi ilimsaidia. Akaenda kumwaga moyo kwa shoga yake, muuza vitambaa wa jirani, na huyo badala ya kuuzima moto akauchochea.

"Wengine huchagua utabibu kwa kuwa masomo ni mafupi," muuza vitambaa akasema. "Wengine wanataka kazi upesi, wengine alama hazikutosha. Wako hayumo humo. Hapo pana namna, shoga yangu. Jumamosi huwa anakwenda wapi?"

Jumamosi binti alikuwa akiaga kwamba anakwenda kujisomea na wenzake. Fundi alirudi nyumbani akaufungua mkoba wa binti, jambo ambalo lingefanywa na mtu mwingine angeliita wizi. Ndani akakuta koti jeupe fupi, la mwanamume, limekunjwa vizuri, na mfuko wake ulikuwa umeshonwa upya kwa mkono. Mishono ile aliijua. Yeye ndiye aliyeifundisha.

Akakaa kitini kwanza, kichwa kiache kuzunguka. Kilikuwa na tabia hiyo siku hizi. Alilaumu kukosa usingizi, na uzi ulipogoma kuingia kwenye tundu la sindano alilaumu taa. Mithali ya mficha maradhi aliijua mwanzo hadi mwisho, ila aliiweka kwa ajili ya wateja. Kilipotulia, akachukua futi akalipima lile koti. Bega pana, tumbo limetangulia. Si kijana huyu, akasema moyoni, huyu ni mtu mzima mwenye mke wake. Uchungu ukampanda. Miaka yote ile ameinama juu ya cherehani, leo udaktari wa mwanawe unachukuliwa na mtu mwenye kitambi.

Hakumuuliza binti. Mwizi haulizwi, hushikwa. Asubuhi alitia koti kwenye kapu, akaenda kituo cha afya cha karibu, akajipanga kwenye benchi akijifanya tumbo linamkata. Mama mmoja pembeni alimpisha nafasi na kumpa pole nyingi. Fundi aliitikia huku akipima mabega ya watu. Mtoa dawa akapita, mwembamba, si yeye. Kijana wa maabara naye alikuwa na mabega ya kuku. Kisha mlango wa chumba cha uchunguzi ukafunguka, akatokea mtu mpana, wa makamo, tumbo mbele. Watumishi wote pale walikuwa na makoti, yeye peke yake alikuwa na shati tupu.

Zamu yake ilipofika, fundi aliingia kapu kalikumbatia.

"Pole, dada," tabibu akasema. "Nini kinakusumbua?"

"Tumbo."

"Linauma upande gani?"

Upande alikuwa amesahau kuuchagua. "Linahamahama."

Tabibu alimtazama kidogo, kisha akamfunga mkono kwa mkanda wa kupimia presha.

"Ndiyo dawa ya tumbo hiyo?" fundi akauliza.

"Nampima kila mtu mzima anayeingia hapa."

Akajaza upepo, akasikiliza. Akajaza tena. Akahamia mkono wa pili. Fundi akauona ujanja wake wote: huyu amemtambua, sasa anavuta muda atunge uongo. Akatoa koti, akalibwaga mezani.

"La nani hili?"

"Langu," tabibu akasema, wala hakushtuka. "Mfuko ulichanika, binti mmoja akajitolea kuushona. Huja hapa Jumamosi namfundisha kupima presha. Alinisumbua mpaka nikakubali."

"Binti huyo ni wangu."

Tabibu alivua kifaa chake masikioni, akakiweka chini polepole. "Kumbe ndiye wewe. Mama anayeshika ukuta akiinuka, na hospitali hataki kuisikia."

Fundi hakujua kwamba anashika ukuta.

"Presha yako iko juu sana, dada. Hii haikuanza leo. Huondoki hapa bila dawa."

"Mimi nilikuja kwa tumbo."

"Hukuja kwa tumbo," tabibu akasema, akaanza kuandika.

Jioni hiyo mama na binti walikaa chumba cha mbele, cherehani katikati yao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekataa. Udaktari ni miaka sita, mama, na ni mbali. Chuo cha utabibu kiko hapa hapa, miaka mitatu. Nilikuwa nakuangalia unavyoinuka. Nikaona hiyo sita hutafika."

"Unanizika na macho yangu yako wazi?"

"Unajizika mwenyewe."

Fundi alikasirika na kuona aibu kwa pamoja. "Basi nitakunywa dawa," akasema mwishowe. "Kesho kabadilishe, kachague udaktari."

"Utazificha kwenye kopo la vifungo."

Na kwenye kopo la vifungo ndiko zilikokuwa. Binti alilifungua, akazichambua kutoka kwenye vifungo, akaleta maji. Mama akameza.

"Fungua mdomo nione."

Akaufungua.

"Na usijione, si kwa ajili yako tu," binti akasema. "Mgonjwa akiingia pale, tabibu ndiye wa kwanza kumgusa, na akipona ndiye anayemuaga. Nilianza kwenda kwa sababu yako. Sasa naipenda kazi yenyewe."

Mama alimkodolea macho akiutafuta uongo, kama alivyoutafuta siku zote. Hakuupata, na hilo lilimuudhi zaidi.

Ilimchukua siku kadhaa kulishusha lile koti refu. Alilitandaza mezani, akashika mkasi, akauweka. Akachukua sindano. "Njoo unitungie uzi," akasema, na lilikuwa ombi ambalo hakuwahi kulitamka. Binti akatunga.

Siku ya kwanza ya chuo binti alilivaa, likaishia kiunoni sawasawa. Akapitisha vidole kwenye pindo.

"Mama, mbona zito hivi? Hukukata?"

"Nguo ya mtoto haikatwi. Hukunjwa ndani, akikua inafunguliwa."

Binti alisimama mlangoni. "Dawa je?"

"Nimekunywa."

Binti alirudi ndani akachukua kopo la vifungo, akalitikisa karibu na sikio, akasikiliza vizuri, ndipo akatoka.