Mstari wa Mia Tisa

Kompyuta ikigoma hapa Karatu, watu wanasema ipeleke kwa yule fundi wa karibu na stendi. Fundi mwenyewe ni mimi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini wenye vyeti vyao wanakuja na mashine kwapani na kungoja mlangoni kwangu. Sijisifu, waulizeni watu wa lodge za watalii.

Ndiyo maana mwalimu wa kompyuta wa sekondari alinijia mimi. Alishusha maboksi matatu ya majarida ya zamani ya kompyuta, zawadi ya mgeni mmoja aliyekuwa anahama nyumba huko kwao Ulaya. Maktaba ya shule ilikuwa na rafu moja tu.

"Shikamoo, fundi. Tuchagulie. Huku weka ya watumiaji wa kawaida, huku ya wanaotaka kuandika programu. Yatakayobaki tutafungia maandazi."

"Marahaba. Umefika penyewe."

Alipoondoka nikakaa chini, magoti yakalia. Yote yalikuwa ya Kiingereza. Kiingereza changu mimi ni yale maneno machache ya kuamrisha mashine, basi. Sikuwahi kumwambia mtu, na sikutaka mwalimu yule, mtoto wa juzi, awe wa kwanza kujua.

Nikachagua kama ninavyochagua ng'ombe mnadani. Pale wajanja humlambisha ng'ombe chumvi ili anywe maji mengi, tumbo lijae. Ukitazama tumbo umeliwa. Mimi hutazama meno. Jarida nalo, jalada linalong'aa ndilo tumbo, kwa hiyo nilifungua katikati. Nikikuta picha za watu wakiichekea mashine, hilo la watumiaji. Nikikuta kurasa za programu, kila mstari na namba yake, hilo la waandikaji. Na ukurasa ukiwa na alama za vidole, hilo linakwenda juu kabisa, maana kuna mtu alilifanyia kazi.

Siku tatu hizo, macho yanawasha, mgongo kama nimetoka kulima. Mke wangu akapita.

"Baba watoto, unasoma au unapanga matofali?"

"Ninasoma."

"Mbona husogezi midomo kama ukisoma barua za benki?"

Nikavuta jarida jingine. Nilikuwa nimechoka hata kubishana.

Juu ya rundo la waandikaji niliweka jarida langu mwenyewe. Nililipata ujanani kwa mama mmoja wa sokoni aliyekuwa akichana kurasa zake kufungia karanga. Lina programu ya mchezo wa gari. Nimeichapa programu ile mara nyingi hata sikumbuki. Gari linatokea, linakwenda kidogo, halafu kila kitu kinakufa. Jarida sikulishuku hata siku moja; nilijua ni vidole vyangu, vidole vya jembe, vinakosea mahali. Nikawa narudia tangu mstari wa kwanza, na katika kurudia huko ndipo nilipojifunza kazi inayonilisha.

Jumamosi mwalimu akarudi, akachuchumaa, akalifungua la juu.

"Hili bovu, fundi."

"Bovu vipi? Ndilo lililonilea."

"Tazama. Hapa programu inaambiwa iruke mpaka mstari wa mia tisa. Lakini mistari inaishia mia sita na arobaini. Hii ni nusu. Nusu nyingine ilitoka toleo la mwezi uliofuata. Si wameandika hapa chini?"

Akaweka kidole kwenye maneno madogo ambayo miaka yote nilidhani ni anwani ya kiwanda. Akaniangalia, akangoja.

Ningeweza kusema miwani nimeiacha nyumbani. Nimeshayasema sana hayo.

"Siwezi kuyasoma, mwalimu. Niliishia la tano."

Hakucheka. "Sasa haya yote umeyachaguaje?"

Nikamweleza habari ya chumvi na vidole. Hapo ndipo alipocheka. Tukalipitia rundo upya, mimi nikikagua namba za mistari, na kwa namba nilimwacha mbali, yeye akisoma maneno madogo ya chini. Nusu zisizo na nusu ya pili tukaziweka pembeni, na langu likawa humo.

Kabla hajaondoka nikawasha kompyuta yangu ya zamani, ile ya kioo chenye chogo, ambayo bado ina ile programu. Akalinganisha skrini na ukurasa, mstari kwa mstari, mpaka mia sita na arobaini.

"Fundi, hakuna kosa hata moja."

"Najua," nikasema.

Nilikuwa sijui. Alipokwisha kwenda nilikaa kwenye benchi la wateja, nikavitazama vidole vyangu.