Anayeitika Ng'ambo

Wifi yangu Zamda alikuwa na sauti. Sisemi sauti ya kaswida, nasema sauti ya kuamia ndege. Huku kwetu Salale, mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea huja makundi kwa makundi, na asiye na koo hana chakula. Tunashinda juu ya madungu yetu ya miti tangu alfajiri mpaka magharibi, tunapiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Zamda akipaza ukelele, hata ndege wa shamba langu waliruka. Nilikuwa nikimtania kaka yangu Twalha: "Huyu hukumwoa, umemwajiri."

Shamba la Twalha lilikuwa ng'ambo ya mkono mwembamba wa mto, la mkewe upande huu, jirani na langu. Kimya kikizidi, Zamda huita, "Upo?" Twalha hujibu kutoka kule, "Nipo!" Ndege wakakosa pa kutua. Watu wa madungu mengine waliwacheka, eti hawa wanabembelezana mchana kweupe. Wao hawakujali, na mpunga wao ulikuwa mzuri kuliko wa waliocheka.

Mwaka juzi Twalha alikwenda kwenye mikoko kukata boriti. Mtumbwi ulionekana. Yeye hakuonekana. Tukamsalia bila maiti, na kaburi hatuna mpaka leo. Zamda akakaa eda, akatoka, msimu ukafika, akapanda dungu lake.

Siku ile ile ya kwanza aliita. Aliita kwa mazoea tu, mdomo ukiutangulia moyo: "Upo?" Kisha akanigeukia, uso umempauka.

"Wifi, kaitika."

Mimi sikusikia kitu. Mwenye akili angemwambia anyamaze, amtaje Mungu. Mimi nilimuuliza, "Kasemaje?" Twalha ni tumbo moja na mimi. Nilitaka habari zake.

Basi ikawa ndiyo kazi. Anaita, anaitikiwa, ananiambia. Lakini chakula hali, usingizi hapati, na mwili ukamwisha mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Mama alisema ni shetani wa maji, atafutiwe fundi wa kumpunga. Wakati mama anatafuta fundi, mimi nilimkuta Zamda mtoni, tope limemfika kiunoni, anavuka kwenda ng'ambo. Mto ule una mamba, kila mtoto anajua. Nilimvuta kwa nywele. Alinitukana matusi ambayo sikujua kama anayajua.

Sikumngoja fundi. Nilimpeleka Kibiti, kwa boti mpaka Nyamisati, kisha kwa gari. Hospitali tulimkuta daktari kijana, Hemedy, mpole kama mtu aliyelelewa na bibi. Alimsikiliza Zamda bila kumkatiza, akampima mapigo ya moyo, akamuuliza kama ana ujauzito au anakunywa dawa nyingine yoyote, hata za mitishamba. Alisema huu ni ugonjwa wa sonona, huzuni iliyozidi mpaka ikamlemea mtu, na dawa yake ipo. Akaandika amitriptilini, kidonge kimoja jioni.

"Usitegemee nafuu kesho, mama," alimwambia. "Usingizi utatangulia, moyo utafuata baada ya wiki kadhaa. Mdomo utakauka, choo kitakuwa kigumu, na ukiinuka ghafla utaona kizunguzungu. Kikikushinda kitu, njoo, usiache mwenyewe. Na wewe, wifi," akanigeukia mimi, "vidonge vikae kwako. Vikizidi vinasimamisha moyo. Mtoto asivione, na asipewe mtu mwingine hata kimoja."

Usingizi ukaja kweli. Asubuhi nilikuwa namwamsha kwa maji. Lakini ule mdomo! Ulimi ulimganda kwenye kaakaa, midomo ikapasuka, na sauti iliyokuwa ikirusha ndege wa mashamba matatu ikawa mkwaruzo. Anafungua kinywa, hakitoki kitu. Kwelea wakagundua upesi. Walishuka kwenye shamba lake wakala mbele ya macho yake, na wale waliokuwa wakicheka zamani wakapata la kusema: shamba la bubu.

Na kule ng'ambo, kwa kuwa hakuitwa, hakuitika mtu.

Zamda akavumilia, kisha akakata shauri bila kuniambia. Kila jioni nikimpa kidonge alikificha chini ya ulimi, akakitema majini. Sauti ikarudi. Pamoja nayo vikarudi vingine: kutapika, jasho, kuweweseka kila akifumba macho. Mama akasema, si nilikwambieni, shetani amekasirika. Hakuna aliyejua kwamba mwili ulikuwa unalalamikia dawa iliyokatwa ghafla. Na Zamda, juu ya dungu, koo limefunguka, akaita tena.

"Kaitika?" nilimuuliza. Bado nilikuwa nauliza.

Alishuka, akaelekea mtoni, nami nikamfuata mbio. Nilimkuta amesimama ukingoni, maji yanamgusa vidole, amekumbatia mti wa mkoko kwa mikono miwili.

"Wifi, ananiita mimi sasa," alisema. "Zamani nilimwita mie. Nipeleke Kibiti kabla sijauachia mti huu."

Daktari Hemedy hakumgombeza. Alipoambiwa habari ya kutema vidonge na ya ndege, alishika kichwa. "Sikukuuliza kazi yako," alisema. "Kosa langu." Akamwanzishia tena kwa kipimo kidogo, akasema akinywe mapema jioni ili asubuhi isiwe nzito, awe anapiga mafunda ya maji siku nzima na kunyonya kipande cha ukwaju ili mate yatoke. Kuhusu ndege, Zamda alijitafutia dawa mwenyewe. Alifunga madebe kwenye kamba kukatisha shamba lote, akawa anavuta kamba amekaa, ukwaju shavuni. Kelele za madebe yale zilinichosha mimi kuliko ndege.

Wiki zikapita. Akaanza kula. Siku moja akacheka, sijui kwa jambo gani, na mimi nikalia. Msimu ulipokaribia kwisha aliacha kamba, akalowanisha koo, akaita mara moja tu: "Upo?"

Tulisikiliza wote wawili. Kisha Zamda akajifunika uso kwa kanga.

"Wifi," alisema, "Twalha kafa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo. Tulilia msiba upya, na jamaa wakaja kutupa pole kana kwamba mtumbwi umeonekana jana.

Siku ya mwisho ya kuamia, Zamda alikwenda kisimani, nikabaki peke yangu. Jua kali, ndege wachache. Sijui nini kilinituma. Nilisimama juu ya dungu langu, nikaita kuelekea kule ng'ambo.

"Upo?"

"Nipo!"

Nilishuka nikamkimbilia Zamda njiani. Nikamwambia tuondoke, anipe kimoja katika vile vidonge. Mfuko alikuwa nao mwenyewe siku hizo, umefungwa kwenye pindo la kanga. Kwetu tunagawana chumvi, tunagawana moto, tunagawana panado. Zamda aliweka ndoo chini, akalishika pindo kwa ngumi.

"Sikupi."

"Mie nilikutoa kwenye tope!"

"Ndiyo maana sikupi. Kesho maji yakijaa tunapanda boti, daktari akupime mwenyewe."

Nilimtukana kwa matusi yake yale yale. Alisubiri nimalize, akanishika mkono, tukarudi nyumbani polepole, ndoo tumeiacha njiani. Karibu na mlango alisimama. Hakunitazama.

"Kasemaje?" aliuliza.

"Kasema yupo," nilimjibu.