Steringi Alizirai Tu

Mimi ni mwoga, heri niseme mapema. Wakati ule niliishi na hofu wiki nzima kwa sababu ya maneno machache niliyoyasema kwenye maikrofoni, katika ukumbi wa video wa mjomba wangu pale Garsen.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Filamu inasema Kiingereza, mimi nimekaa kando ya televisheni nasema Kiswahili. Simu za kutazamia filamu kila mtu anazo, lakini watu walikuja kunisikiliza. Na kwa kuwa mdomo wangu ulijulikana, niliitwa hata nje ya ukumbi: kuwasomea watu barua za ofisi za serikali kule Hola, kusimama na mgonjwa mbele ya daktari anayechanganya Kiingereza kila sentensi. Nilijivunia sana jambo hilo. Nikisema kitu, hakuna aliyeniuliza mara mbili.

Filamu yenyewe ilikuwa ya ndugu wawili walioporwa shamba. Siku ya kwanza zilijaa benchi mbili tu, na mbele kabisa alikaa mzee mmoja wa kabila la Waorma, mfugaji wa Minjila, ambaye hakuwahi kukosa filamu mpya. Dakika za mwisho steringi, yaani shujaa mwenyewe, akapigwa risasi. Daktari wa kwenye filamu akasema kwa Kiingereza chepesi kabisa kwamba huyu amekufa.

Sasa, kwetu steringi hafi. Akifa, watu huona wameibiwa. Nilimtazama mzee, nikamwona ameshika kichwa kwa mikono miwili, na woga wangu ukanitangulia kusema.

"Amezirai tu," nikatangaza. "Atapona. Ngojeni sehemu ya pili."

Kama ya pili ilikuwapo, mimi sikujua. Ilinitoka tu.

Filamu ile ikasifiwa sokoni, ikasifiwa malishoni, na siku ya sita watu walikaa hadi sakafuni. Kila siku niliurudia uongo uleule, maana ningeuachia wapi? Baada ya hapo sikupita njia nikasalimiwa kama mtu. "Buda, steringi amepona?" vijana waliniuliza. "Ya pili inakuja lini?"

Siku moja mjomba akarudi kutoka Hola na flashi mfukoni, anacheka peke yake. Ya pili ilikuwapo kweli.

Mjomba aliijua biashara yake. Filamu ya kwanza, aliniambia, huanza na watu wachache ikapandishwa na midomo ya watu. Ya pili hujaa siku ileile inapofika, kwa sababu steringi tayari ni mtu wao, kisha hushuka upesi, siku ya tatu unaongea na benchi tupu. "Lakini hii haitashuka," akasema. "Watu wanamngojea mgonjwa wao."

Niliiangalia kwanza peke yangu. Dakika ya pili tu, kaburi. Jina la steringi limechongwa juu yake, mkewe amevaa nguo nyeusi, na mdogo wake ndiye anayebeba filamu yote. Chakula cha mchana sikukigusa.

Jumamosi baada ya adhuhuri, watu walijaa hadi madirishani. Wengine walitoka Kilelengwani tangu jana yake. Ukumbi ule haukuwahi kujaa hivyo kwa filamu yoyote ya kwanza. Mzee wa Minjila alikuja na wenzake watatu.

"Mimi naambia hawa steringi nakuja leo," akanieleza kwa furaha, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wewe ndio nasema."

Nilifikiria kuongeza uongo mwingine. Ningesema kaburi ni la baba yake. Ningesema wamezika gogo ili kuwahadaa maadui. Kaburi likatokea, ukumbi mzima ukanigeukia, na uongo ukanishinda.

"Amekufa," nikasema. "Alikufa tangu ile ya kwanza. Mimi ndiye niliyesema amezirai."

Kelele zikalipuka, ndara moja ikanipita sikioni.  Mzee alisimama, akakunja shuka lake begani, akatoka, na wenzake wakamfuata. Niliona aibu mpaka nikashindwa kuinua macho.

Kesho yake tulipata benchi moja. Siku ya tatu niliongea na televisheni. Mjomba aliilaumu filamu, akasema za pili ndivyo zilivyo, na mimi nilitamani sana iwe hivyo. Lakini barua za Hola nazo hazikuletwa tena kwangu, na barua hazina ya kwanza wala ya pili.

Mvua zilipita. Asubuhi moja mzee yule alisimama mlangoni kwetu na mkewe mgonjwa, mkononi bahasha kubwa ya picha za eksirei za mkewe.

"Daktari naongea maneno mingi," akasema. "Twende."

"Mzee, kwa nini mimi?"

"Wewe nasema mbele ya watu wote, 'mimi ndio nadanganya.' Mwingine nasema hivyo mimi hapana ona."

Hospitalini, daktari alizitazama picha zile kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani, akaanza kwa Kiingereza, taratibu, bila kumtazama mke wa mzee. Mzee akanishika mkono kwa nguvu.

"Leo hakuna kuzirai," akaninong'oneza.

 Nikamgeukia yule mama, nikamwambia yote aliyoyasema daktari.