Risasi Iliyolala mu Kichuguu

Sisi tuliokulia kwenye barabara ya Kamituga tulikuwaka na kitu kimoja tu cha kututoa darasani bila ruhusa ya mwalimu: mlio wa bunduki. Haukuwa mlio wa kutisha. Maana yake ilikuwa nyama. Tulikuwa tunaukimbilia, kalamu bado kwenye sikio, na mwalimu mwenyewe nyuma yetu na chaki mukononi. Mama zetu walikuwa wanaweka maji ya bugali kwenye moto hata kabla ya kujua kama waliipiga ao waliikosa.

Mutoto wa jirani yangu hapa mujini, Muhumba, anajua majina ya bunduki kuliko komanda. Anazichagua kwenye muchezo wa telefone kwa kidole gumba, anarudisha hii, anachukua ile, na akikufa anafufuka, kisha anaomba tu umeme wa kuchaji. Lakini juzi jogoo ya bibi yangu, mama wa watoto wangu, ilimukimbiza mupaka akapanda kwenye ukuta. Namucheka, halafu najiuliza kama niko na haki ya kumucheka. Sisi bunduki yetu ilikuwa ya kweli, na hatukuwa na akili kumushinda.

Naandika hii kwa sababu ya simu niliyopata juma hii. Mudogo wangu Lukogo, aliyebaki kijijini, alinipigia.

"Yaya, mukubwa wangu, ngulube zimerudi."

"Kwa shamba ya nani?"

"Ya Wabiwa. Yote. Ukiona yale mashimo utasema watu wa dhahabu walipita."

Wabiwa ni binti wa mujomba wetu. Tulikua naye, tukala naye sahani moja. Wakati wa vita watu walikimbia, mashamba yakageuka pori, na ngulube za porini zikajua kwamba hakuna mwenye nyumba. Sasa watu wamerudi kulima, lakini zenyewe hazikukubali kuhama. Lukogo akaniambia kijiji kimekaa na kusema bunduki itafutwe. Kuko mutu mumoja mwenye douze, bunduki ya kuwinda, na karatasi zake ziko sawa. Na kuko vijana wanaosema wanaweza kuleta bunduki ya vita, ile ya kumwaga risasi kama mvua.

"Wanangoja wewe useme. Uko mutoto mukubwa wa Papa."

"Lukogo, mimi niko seremala. Nachaguaka mbao."

"Basi chagua na hii. Siku ya posho, Jumamosi, wanaingia porini."

"Na Mulonda?"

Mulonda ni mwana wangu, anabeba jina la Papa, baba yetu. Nilimutuma kule kwa likizo ili aone shamba na mutoni, ajue kwamba maji hayatokeke tu mu bidon.

"Iko muzuri! Ndiye atafukuza na imbwa. Anakimbia kuwapita wote."

Mimi nilisoma kidogo, nilifika tu mwisho wa shule ya musingi, na watu wananiomba nikate shauri ambalo wazee wetu wawili, Papa na mujomba, wenye akili kunipita, walikufa bila kulimaliza.

Nakumbuka musimu wa karanga. Tulikuwa tunalinda shamba na kopo la maziwa na fimbo, tunapiga, tunaimba nyimbo za shule, tunachoma muhogo kwenye jivu na kuula na karanga mbichi mupaka tumbo inalia kama ngoma. Moshi wa ile nyasi ya mubichi ulikuwa unaingia kwenye nguo, na Jumapili padri akipita katikati ya benchi alikuwa anajua nani mulinzi wa shamba kwa harufu tu. Ngulube hazikuogopa kopo. Zilizoea nyimbo zetu. Papa alisemaka kwamba zinakuja hasa kusikiliza.

Kisha wanaume wakakaa mu lusu, ile nyumba ya wanaume yenye paa bila ukuta, kuchagua bunduki. Sisi watoto tulikuwa karibu, tunajifanya tunacheza na mupira wa majani ya ndizi. Kijiji kilikuwa na bunduki tatu. Ya kwanza vingt-deux ya mukatekista, nyembamba kama mwiko, nzuri kwa kanga na nyani. Tonton Kitoga, yule mujomba wetu, baba yake na Wabiwa, alicheka.

"Kupiga ngulube na vingt-deux ni sawa na kumupiga muzee wa watu kofi. Hatakufa, lakini utajuta."

Ya pili karabini kubwa ambayo muzungu wa mine ya dhahabu alimuachia mupishi wake. Ile ingeweza kuangusha mbogo. Papa akaikataa. "Risasi yake ikimaliza na ngulube itaendelea na safari mupaka Kalehe. Na kule kuko watu."

Ikabaki ya tatu, kalibre douze ya Tonton Kitoga, mudomo mumoja, kitako kimefungwa na mupira wa baiskeli. Juu ya hiyo wote walikubaliana. Ugomvi ulikuja juu ya kitu cha kuweka ndani. Kwa duka kulikuwa na namna mbili ya cartouche, risasi za douze: shevrotini, yenye chembe nyingi kubwa ambazo zikitoka zinatawanyika, na bale, donge moja tu la risasi, nzito kama jino la mbogo, linalokwenda mahali pamoja.

Tonton alitaka shevrotini. Kwa haki yake niseme hivi: hakuwa mutu wa haraka. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, ngulube inakimbia, nyasi ni ndefu, na mwenye kupiga ni yeye. Ngulube yenye kujeruhiwa ni mubaya kuliko yenye haikuguswa. Kila mwindaji anajua.

Papa alikuwa mwenye nyavu. Kwetu mwenye nyavu ndiye anapanga watu: nani asimame wapi, imbwa zitokee wapi, watoto wa kufukuza wapitie wapi. Nyama ikipotea inamuhusu mwenye bunduki. Mutu akipotea inamuhusu mwenye nyavu.

"Shemeji," Papa akauliza, "chembe moja ni ya ngulube. Zile zingine ni za nani?"

"Na mimi nikikosa na hiyo bale yako moja, ngulube itakuja kukuuliza wewe."

"Ikuje iniulize."

Watu walicheka sana. Mukatekista akafanya alama ya musalaba, wakazidi kucheka. Papa akasema nyavu zitegwe mbele ya kichuguu, kile kikubwa chenye urefu wa nyumba, na Tonton asimame akiangalia udongo, ili risasi yoyote ikikosa ilale mu udongo. Tonton akachukua bale, lakini uso wake ulikuwa wa mutu aliyevalishwa viatu vya mutu mwingine.

Kila imbwa ya kuwinda kwetu inavaa kengele ya muti shingoni. Wakati wa kwenda, kengele inajazwa majani ili isilie. Mukifika, mutu anatoa majani, imbwa inaachiliwa, na tangu hapo kila mutu anajua kwa masikio imbwa iko wapi, na watoto wanaoifuata wako wapi. Ile asubuhi imbwa zilikuwa nyingi, umande ulikuwa baridi, kila mumoja wetu alifikiri mwenzake ameshatoa. Imbwa yetu, mimi na Wabiwa, iliingia porini na majani yake kwenye kengele.

Hatukujua. Tulifuata imbwa bubu, tukapita mahali tulipoambiwa kusimama, tukazunguka, na tulipochoka tukapata kichuguu kizuri chenye jua, tukakiegemea na kuanza kula karanga zetu. Tulikuwa upande wa nyuma. Upande wa mbele, ambako hatukuwa tunaona, kulikuwa nyavu za Papa na mudomo wa bunduki ya Tonton.

Nakumbuka kwanza ule mguno, kama mutu anayeburuza meza kwenye sakafu ya sima. Kisha mlio. Sikuusikia kwa masikio, niliusikia kwa mugongo. Kichuguu kilitikisika na udongo ukatuangukia kwenye vichwa, mu karanga, mu macho. Kisha kelele za wanaume, na sauti ya Papa juu ya zote, sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Tonton alikosa. Ngulube ilipasua nyavu na ikapita kwa Papa, ikamukata paja na jino mupaka mufupa ukaonekana. Alikuwa amesema ikuje imuulize, na ilikuja.

Tonton alizunguka kichuguu kukata vijiti vya kufunga ule muguu, akatukuta. Wabiwa alikuwa na udongo mwekundu mu nywele zote. Tonton hakutupiga, hakutugombeza. Alikaa chini, bunduki ikaanguka pembeni. Kisha akamukaribia imbwa yetu, akaingiza kidole mu kengele, akavuta majani. Akayaangalia tu. Ndipo akasimama, akaenda kumubeba Papa. Walimubeba kwa kipoyi, machela ya miti, mupaka dispanseri, na Tonton hakukubali mutu amupokee mabegani.

Papa alichechemea mupaka kufa. Kanisani tulikuwa tunajua anaingia bila kugeuka. Na ile mwaka ngulube zilimaliza shamba. Tulikula ndizi za kuchemsha asubuhi na mangaribi, sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, na tulipolia Mama alikuwa anasema, "Muhogo inapandwaka tena." Hakumaliza ile neno, aliangalia tu vichwa vyetu sisi watoto. Ilibaki hapo.

Je, shevrotini ingetufikia? Sijui. Kichuguu kilikuwa kinene, lakini chembe zinatawanyika, na pande zote mbili kulikuwa majani tu. Je, shevrotini ingeua ngulube na Papa angebaki na miguu miwili? Pengine ndiyo. Tonton alisemaka hivyo mu lusu miaka yote, na Papa hakumubishia. Alikuwa anasugua lile paja na kusema, "Pengine, Shemeji." Lakini nilimuona Tonton tena mara nyingi akienda kuwinda, na mifukoni mwake sikuona tena shevrotini. Sasa nani alimushinda mwenzake? Mimi nimeshindwa kujua, na ndiyo mimi wanaoniuliza.

Nilifikiri kumuambia Lukogo waache bunduki yote. Lakini mimi ninanunua unga sokoni, Wabiwa anakula kile ngulube zinamubakishia. Kusema kutoka Muhumba kwamba watu wavumilie, ni rahisi. Nilifikiri pia kusema wanirudishie mwana wangu kwanza. Bibi yangu ndiye aliniuliza: "Na watoto wa wengine?"

Basi nilipiga simu, na Lukogo akaweka telefone kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Nikasema bunduki ya vita hapana. Inapita nyama na kuendelea, na hata kama haimupati mutu siku ile, kesho watu wa silaha wenye kuitafuta watafika kijijini. Douze ya mwenye karatasi, na bale, si shevrotini. Mupigaji asimame juu, aangalie chini kwenye udongo, ao mbele ya kichuguu.

Kijana mumoja akasema, "Huyu muzee wa mbao anataka tuwinde na musumari moja!" Nilisikia wakicheka, na sikuweza kumukasirikia, maana Tonton naye alisema karibu hivyo.

"Na kama hakuna kichuguu?" mwingine akauliza.

"Kama hakuna kichuguu, musipige."

"Basi ngulube ipite hivi hivi?"

"Ipite." Halafu nikaongeza, sauti ikanitoka kama ya mutu anayeomba, "Na mutoe majani kwenye kengele. Kila imbwa. Mutu mumoja aingize kidole mwenyewe."

Siku ya posho nilikuwa atelie. Niliharibu mulango wa mutu, nilikata mbao fupi. Mu saa za asubuhi pneu, gurudumu la camion, ilipasuka kwenye barabara kama bunduki, na watoto wote wa ile parsel yetu ya nyumba wakalala chini mara moja, bila kuambiwa, hata yule bwana mudogo wa telefone. Wanafundishana vile sisi tulifundishana kopo na fimbo. Nikajikuta na mimi nimeinama nyuma ya meza, musumeno mukononi. Sisi tulikimbiliaka ule mlio.

Simu ililia jua likiwa juu. Haikuwa Lukogo. Ilikuwa Wabiwa, mwenye shamba.

"Kaka," akasema. Kisha akavuta pumzi, na mimi nikakaa juu ya mbao. "Tumekosa. Imepita. Ilikuwa kubwa kama pikipiki."

"Na watoto?"

"Batoto bote beko. Mulonda iko hapa, anakula karanga. Kengele zote zililia, Kaka. Mimi mwenyewe niliingiza kidole."

"Na mihogo yako?"

"Ngulube zitarudi kula," akasema. "Muhogo inapandwaka tena."

Sijui kama nilimusaidia ao nilimunyima chakula. Nitatuma unga, lakini unga si shamba. Bibi yangu alikuja na kunikuta nimekaa juu ya ule mulango ulioharibika.

"Wamepata?"

"Hapana. Wamekosa."

Mama, enzi zile, angetoa maji kwenye moto bila kusema neno. Bibi yangu aliniangalia uso, akaniangalia tena.

"Sasa unacheka nini?"