Godoro la Mistari ya Nukta

Swali lililomtia Spéciose wasiwasi lilikuwa dogo, mtu mwingine angelijibu huku akivua viatu. Alikuwa ametoka kazini Jumamosi mchana, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akamkuta bintiye Carmel amepiga magoti sebuleni, tepu ya kupimia mkononi na penseli sikioni.

"Maman, godoro la Tonton huwa linatandikwa saa ngapi?"

Spéciose alisimama mlangoni, begi bado begani. "Nani anataka kujua?"

"Mimi."

"Na baada yako wewe, nani?"

Carmel akacheka, akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba ni kazi ya chuo. Alikuwa mwaka wa tatu wa usanifu majengo. Profesa wao angepeleka wanafunzi kumi na wawili Porto, huko Ureno, wakasome miezi miwili ya majira ya joto: wangeingia katika nyumba kuukuu za mlimani, wazipime chumba kwa chumba na kuzichora kwa mkono. Walioomba walikuwa thelathini na mmoja. Sharti lilikuwa kwamba kabla ya kwenda kupima nyumba za watu, kila mmoja apime kwanza ya kwao, aichore kama inavyokaliwa kweli: nani analala wapi, nini kinawekwa wapi, mchana na usiku. Atakayeongeza kisichokuwepo, hasafiri.

Kwa Carmel hilo lilikuwa zoezi. Mama yake alilijua tangu zamani, kwa jina jingine.

Spéciose alikimbia kutoka Uvira akaishi miaka tisa katika kambi ya wakimbizi, magharibi mwa Tanzania, na miaka hiyo ilimfundisha kwamba anayekuja na tepu na karatasi haji kukuongezea. Watu wa kuhesabu waliingia wakitabasamu, wakahesabu mikeka, wakawauliza watoto, kwa kuwa mtoto hajui kuficha. Mwezi uliofuata kadi ya chakula ya jirani ilipungua majina mawili. Tangu siku hiyo nyumba ya Spéciose ikawa na sheria: mgeni akiuliza mko wangapi, mtoto anajibu, "Muulize mama." Carmel aliijua sheria hiyo kabla ya kujua kusoma.

Na safari hii kulikuwa na cha kuficha. Mkataba wa fleti yao, ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Flemingdon Park, huku Kanada, ulikuwa na majina mawili tu, la mama na la binti. Jina la Cyriaque, mdogo wake Spéciose, ambaye Carmel alimwita Tonton, yaani mjomba, halikuwemo. Cyriaque alitoka Rexdale, upande wa pili wa jiji, kuja kukaa wiki mbili, ghala alilofanyia kazi lilipopunguza zamu. Wiki mbili hizo sasa zilikuwa na umri wa miezi minane. Alilala kati ya kochi na meza ya chakula, na kila asubuhi godoro lilisimamishwa nyuma ya kochi, likafunikwa kitenge, kana kwamba ni ukuta.

Kazini, Spéciose alimweleza Nkirote, Mmeru aliyefanya naye zamu moja. Nkirote alisikiliza huku akikunja mashuka.

"Mama Carmel, ngoja kwanza. Wanampeleka Ulaya?"

"Porto. Miezi miwili."

"Na ili aende, lazima waone unalala wapi?"

"Ndivyo anavyosema."

"Ai! Mimi nilipoomba kazi hapa, hata hawakuuliza kama nina kitanda." Nkirote alipiga shuka kofi. "Nyumba ikipimwa, kuna anayetolewa. Mimi sisemi kitu. Nasema tu, fungua macho."

Spéciose hakuhitaji kuambiwa afungue macho, hayakuwahi kufumbwa. Wiki hiyo alimhoji bintiye kwa njia ileile aliyohojiwa yeye kabla ya kuletwa Kanada: swali lilelile, siku tofauti, sauti ya upole. Jumatatu Carmel alisema Porto watalala katika nyumba ya watawa. Alhamisi alisema hosteli.

"Jumatatu ilikuwa watawa."

"Ni nyumba hiyohiyo, Maman. Watawa walihama."

"Walihama kwa nini?"

Carmel akarudi kwenye mchoro wake. Spéciose akaliweka hilo moyoni.

Ijumaa alichukua hatua. Alimwambia Cyriaque akalale kwa rafiki yake Rexdale mpaka uchoraji uishe, na godoro alipeleke hukohuko.

"Dada, godoro kwenye basi la Kipling?"

"Likunje."

"Wataniuliza naenda wapi."

"Waambie unauza."

Cyriaque, mtu mrefu mwenye hasira fupi, alifunga godoro kwa kamba akinung'unika kwamba amefukuzwa na penseli. Lakini Carmel aliporudi jioni akatazama ile nafasi tupu nyuma ya kochi, alitikisa kichwa tu.

"Umechelewa, Maman. Nimeshachora. Nimeshapeleka."

"Umemchora Cyriaque?"

"Nimechora nyumba yetu. Ukitaka kuona, njoo chuoni Jumatano. Wazazi wamealikwa."

Hakukuwa na ugomvi. Spéciose aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la kanisani. Hakwenda kutazama michoro. Alikwenda kuuona uso wa mtu anayezikusanya zile karatasi.

Chumba kilikuwa kikubwa, kuta nyeupe, karatasi zimebandikwa kwa pini. Spéciose alipita polepole. Kulikuwa na nyumba ya kijana aitwaye Navroz, North York, yenye vyoo vitano, na kila mswaki umechorwa. Kulikuwa na nyumba ya baba aliyekuwa na kitanda cha peke yake chumba cha chini, na mama cha peke yake juu. Alishangaa jinsi watu walivyojianika. Kisha akaona ya kwao. Kochi, meza, kitenge, hata birika. Na pale kati ya kochi na meza, godoro lililochorwa kwa mistari ya nukta, maana yake, Carmel alimnong'oneza, ni kitu kinachokuwepo usiku tu.

Mbele ya mchoro walisimama watu kama kumi na wawili. Mzee mmoja mwenye miwani, msanifu aliyealikwa kuhakiki, alikuwa akigonga zile nukta kwa kidole.

"Hapa haiwezekani," alisema. "Mtu mzima hawezi kulala hapa, meza inamzuia. Nadhani binti huyu ametuongezea mtu ili tumwonee huruma."

Carmel alijikausha. Kijana mmoja pembeni aliandika kitu kwenye daftari. Profesa, mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi zilizokatwa karibu na masikio, alimpita mzee. Alimgeukia Spéciose na kumwuliza kwa Kiingereza: je, kuna mtu anayelala hapo?

Lilikuwa swali lenyewe, lilivyoulizwa kambini, neno kwa neno. Spéciose alikuwa na jibu lake tayari, lililomwokoa katika ofisi nyingi. Alitabasamu, akainua mabega. "Sorry. English, no."

"Haidhuru, mama," Profesa akasema. "Niambie kwa Kiswahili."

Tabasamu likamganda usoni. Alimtazama mwanamke yule upya. Carmel alikuwa amemtaja mara mbili, siku mbili tofauti, kwamba anaitwa Naheed. Hakusema kwamba anasikia Kiswahili.

"Wewe kwenu wapi?" Spéciose aliuliza.

"Nilizaliwa Mwanza."

"Mtaa gani?"

"Makoroboi. Baba alikuwa na duka la vitambaa."

Spéciose hakuwahi kufika Mwanza. Hakuweza kujua kama mtaa huo upo. Alichotaka ni kuona kama atajibu bila kutazama dari, na hakutazama dari.

"Karatasi hii inakwenda wapi?"

"Inakaa ukutani mpaka Ijumaa. Kisha binti yako anarudi nayo nyumbani."

"Na huyo anaandika nini?"

Profesa alimwambia kijana afunge daftari. Akalifunga. Carmel alikuwa akitazama viatu vyake, na Spéciose aliona kwamba mtoto hatasema neno. Angeulizwa mara mia, angejibu vilevile alivyofundishwa: muulize mama. Yeye Spéciose akisema hakuna mtu, fleti inabaki na majina mawili na Carmel anakuwa mwongo mbele ya walimu wake. Porto inakwisha hapohapo.

"Analala mdogo wangu," alisema. "Cyriaque. Miezi minane." Akamsogelea mzee wa miwani, akaweka kidole kwenye meza iliyochorwa. "Mwambie huyu mzee, miguu inapita hapa chini. Akigeuka usiku, vikombe vinalia. Mwanangu hakuongeza mtu. Amesahau kuchora kelele tu."

Profesa alitafsiri. Mzee akainama, akapima nafasi ya chini ya meza kwa rula yake ndogo, akahesabu kimyakimya. "Inatosha," alisema. "Kwa shida, lakini inatosha."

Kwenye basi la Don Mills la kurudi nyumbani, Carmel alimgeukia mama yake walipofika Eglinton.

"Asante, Maman."

"Usinishukuru. Umenifanya nimtaje ndugu yangu mbele ya watu nisiowajua."

"Wale hawajali mambo ya mkataba. Kweli."

"Unawajua wewe? Yule wa daftari, unamjua baba yake anafanya kazi wapi?"

Carmel alifikiri. "Hapana."

"Basi." Spéciose alitazama nje ya dirisha. "Jumatatu nakwenda ofisi ya jengo na Cyriaque. Watu kumi na wawili wameshasikia. Wa kumi na tatu atasikia kutoka kwangu."

Jumamosi jina la Carmel lilitoka, la tisa kati ya kumi na mawili. Alipiga kelele jikoni. Spéciose alimkumbatia, kisha akamwambia asome barua yote tena, polepole, pamoja na yale maandishi madogo ya chini.

Jumatatu asubuhi alisimama kwenye ofisi ya jengo, Cyriaque kando yake katika suti ya kanisani. Karani, msichana mwenye usingizi, alimpa fomu, akauliza ndugu huyu amekuwepo tangu lini. Cyriaque alifungua mdomo. "Wiki mb—" Spéciose akamkanyaga mguu.

"Miezi minane," alisema. "Andika minane."

Karani aliandika. Alisema majibu yatachukua wiki tatu hivi, kwamba mara nyingi huwa hakuna tatizo, na kwamba wanaweza kwenda.

"Nakala," Spéciose alisema.

"Hatutoi nakala ya fomu hii, mama. Inaingia kwenye kompyuta."

"Kompyuta yenu siijui. Na jina lako, uandike hapo juu, na tarehe."

Foleni nyuma yao ilikuwa imefika mlangoni. Cyriaque alinong'ona, "Dada, twende, wamesema hakuna tatizo." Spéciose hakusogea. Aliweka begi lake juu ya kaunta, akakunja mikono juu yake, akamtazama karani mpaka msichana yule aliposimama na kwenda kuwasha mashine ya kutoa nakala.