Aliniambia Ndani ya Basi la Ulaya, Mbele ya Watu, kwa Kiswahili

Admin, jina langu lifute kabisa na mkoa wangu usiutaje, maana Watanzania wa Guangzhou tunajuana hata kwa mwendo. Nina miaka 39, nina ndoa ya kanisani na watoto wawili, wote wako nyumbani kwa mama yangu. Mimi na mume wangu tunanunua nguo na viatu pale soko la Zhanxi, tunawatumia wateja Tanzania. Watoto hatukuwaleta kwa sababu baba yao alisema China si mahali pa kulelea mtoto. Nikakubali. Yule mdogo nimemlea kwa simu tangu hajaota meno.

Laoban wetu, yaani bosi wa Kichina tunayechukua kwake viatu, ndiye aliyetushawishi twende Ulaya na kundi la Wachina wenzake, nchi sita kwa basi moja. Mume wangu akachangamka. "Mama, tumefanya kazi mno, twende tukapumzike." Jamani, mwenzenu nilifurahi mpaka nikasuka upya.

Sasa kama kuna anayeiota hiyo safari, ngoja nimwambie ukweli. Ulaya ya basi ni kukaa. Mnaamshwa usingizi bado mtamu, mnapandishwa, mnalala, mnashushwa, picha, mnapandishwa tena. Hoteli ziko nje ya mji huko, kando ya barabara kuu. Choo cha kulipia, kwa hiyo sarafu zisikuishie. Dereva ana saa zake za kupumzika kisheria, zikifika anazima gari hata kama mmebakiza kidogo. Miguu inavimba, beba ndala. Dirishani ni mashamba, handaki, mashamba. Mpakani hakuna hata wa kukugongea muhuri, simu ndiyo inakwambia umeingia nchi nyingine.

Na siti ni yako na uliyekuja naye. Hilo sikulifikiria. Huku Guangzhou mimi na mume wangu hatukuwahi kukaa tu hivi hivi, kila tukikaa kuna mteja kwenye simu au kuna mzigo umekwama. Mle kwenye basi mwanzoni tuliongelea wateja. Tukawamaliza wateja, tukabaki kuangalia dirishani.

Tulikuwa tumetoka Uswisi tunaelekea Italia, watu wameshakula mchana, ndipo akasema, "Mama, kuna jambo nataka ulijue." Wala hakunong'ona. Ni sauti ileile anayoulizia bei. Ana mtoto wa nje, wa kiume, miaka minne, yuko Dar. Mama wa mtoto anaolewa, na huyo anayemuoa hataki mtoto wa mtu.

"Kwa mama yangu siwezi kumpeleka, kanisa zima litajua," akasema. "Nimeona aje akae na sisi. Guangzhou hakuna anayetufuatilia."

Basi limejaa watu na hakuna aliyeshtuka. Nani angeshtuka? Kiswahili mle kilikuwa cha wawili. Angesema ameua mtu wangeendelea kutafuna mbegu zao za alizeti. Bibi mmoja wa Kichina wa siti ya mbele aligeuka akatupatia chungwa na tabasamu juu. Mume wangu akashukuru kwa Kichina, akalimenya, akanipa nusu. Nikala.

Nilitaka kushuka. Ushuke wapi? Tuko ndani ya handaki, mkanda umefungwa, kituo bado. Nikasubiri machozi, hayakuja. Nikawa nahesabu malori. Kituoni nikaenda chooni kama wengine, nikarudi nikakaa palepale. Kule kwenye ule mnara wa Italia uliopinda akanishika bega tukapigwa picha, akairusha mtandaoni. Wifi zangu wakaandika chini yake, "Mapenzi haya jamani!" Nikawawekea kopa.

Nilimuomba msichana anayetuongoza anibadilishie siti, kwa Kichina changu cha sokoni. Akacheka. Akasema mume na mke wanakaa pamoja. Basi nchi zilizobaki nikazimaliza hivyo hivyo. Msiniulize Paris ikoje.

Kumbe kwa sababu sikugombana, yeye alimpigia mama yake akamwambia nimelipokea vizuri. Kwao mke akinyamaza wanahesabu ameridhika. Mama mkwe akanitumia sauti analia, "Mwanangu, una moyo wa pekee, Mungu akuzidishie." Mimi sikuwahi kusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na hapo ndipo nilipojimaliza. Nikifungua mdomo sasa nitaonekana nimegeuka, wakati ukoo mzima umeshanishukuru.

Miezi imepita, viza ya mtoto imetoka. Wiki hii mume wangu ametoa marobota ya nguo kwenye chumba cha pili, kapaka rangi ya bluu, kaleta kitanda kidogo. Kilikuwa kizito, nikashika upande mmoja tukakiingiza. Mnaweza kuniona mjinga. Sina hasira, sina huzuni, nakula, nalala, naenda Zhanxi nabishana bei kama kawaida. Ndani kumekauka tu.

Juzi binti yangu wa miaka kumi na moja alipiga simu ya video. Nilikuwa natandika mle chumbani, sikukumbuka kutoka. Akapiga kelele kumwita mdogo wake, "Njoo uone! Mama katuwekea chumba! Mama, tunakuja lini?"

Nikasema mtandao mbovu, nikakata.

Amepiga tena leo asubuhi, sijapokea. Bibi yake ananiambia ameshaanza kukunja nguo za safari. Yule mtoto mwingine hana kosa, hilo nalijua, msinifundishe, na anatua Jumamosi. Nyie mlio wazazi, niambieni, huyu wa kwangu akipiga tena namjibu nini?